Kazini naelewana na watu wote, nyumbani nimeshindwa na kaka yangu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwetu ni mtoto wa tatu kati ya wanne. Kazini nasimamia kitengo chenye watu wa kila imani na kila mrengo wa siasa, na hatujawahi kukosana. Nyumbani ni kinyume. Wakati wa uchaguzi uliopita kaka yetu mkubwa aliandika kwenye grupu la familia kwamba wanaounga mkono upande wangu wamenunuliwa. Nikamjibu pale pale, mbele ya wote, wakiwemo watoto wake, kwamba watu kama yeye ndio wanaoiangamiza nchi. Akajitoa kwenye grupu. Tangu siku hiyo hatusalimiani, watoto wetu hawatembeleani, na mama, ambaye sasa anaumwa, anatupokea kwa zamu. Maisha yamenifunza mengi lakini hili limenishinda. Je, nikubali tu kwamba alikuwa sahihi? Nimwombe mama aongee naye? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza. Na pole zaidi kwa hilo la mama kuwapokea wanawe kwa zamu, maana kila niliporudia kuisoma barua yako nilisimama hapo.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: usianzie kwenye uchaguzi, wala usianzie kwenye maneno mliyorushiana. Anzia kwenye kazi. Tafuta jambo moja ambalo mama analihitaji, ambalo wewe peke yako hulimudu na kaka yako peke yake halimudu, mwombe mlishike pamoja, na mazungumzo yenu ya kwanza yawe ya jambo hilo tu. Najua linafanana na kukwepa. Lakini nimesuluhisha ndugu kwa muda mrefu, na ile njia ambayo kila familia huikimbilia kwanza, ya kuwakalisha wagomvi sebuleni "wayamalize", nimeiona mara nyingi ikiwasha upya moto uliokuwa umeanza kupoa. Watu wanafika wakiwa wamejiandaa kushinda, na kila mmoja ana ushahidi wake kwenye simu.

Ndani ya barua yako kuna swali ambalo hukuliandika lakini nalisikia: inakuwaje niwaweze watu baki, nishindwe na damu yangu? Tukae hapo kidogo, kwa sababu ukilielewa hilo, hatua za kuchukua utaziona mwenyewe.

Kwanza, jambo hilo si lako peke yako. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Diana Mutz na Jeffery Mondak, walichapisha utafiti uliouliza ni wapi hasa watu hukutana na mawazo ya kisiasa yanayopingana na yao. Walikuta ni kazini, kuliko mtaani, kuliko kwenye nyumba za ibada, kuliko kwenye vyama wanavyojiunga kwa hiari. Sababu inaeleweka. Rafiki unamchagua, lakini mwenzako wa kazini umepangiwa.

Halafu kazini kuna kinga nyingi ambazo hamzioni tena kwa kuzizoea. Ripoti ikitakiwa Ijumaa, inatakiwa Ijumaa kwa wote, hata kwa yule aliyepiga kura usiyoipenda. Kikao kina ajenda, kina anayekiongoza, kina saa ya kwisha. Mtu akivuka mpaka, ipo kanuni ya kumrudisha. Mwanasaikolojia Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaandika masharti hayo mwaka 1954. Alisema makundi yanayochukiana hupunguza chuki yakikutana kwa hadhi iliyo sawa, yakiwa na lengo moja, yakishirikiana kulifikia badala ya kuligombea, na yakiungwa mkono na mamlaka ambayo pande zote zinaiheshimu. Baadaye, mwaka 2006, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya pamoja tafiti 515 zilizohusu watu wa nchi 38. Walikuta kwamba kukutana, kwa jumla, hupunguza chuki, na pale masharti ya Allport yanapotimizwa chuki hupungua zaidi. Wewe, kama msimamizi, umekuwa ukiyatimiza masharti hayo kila siku. Ujuzi unao.

Sasa tazama nyumbani. Hadhi sawa haipo: yeye ni kaka mkubwa, wewe ni mdogo wake, hata kama leo una watu chini yako na saini yako inapitisha malipo. Kazini wanakujua ulivyo sasa. Kaka yako anakujua tangu ulipokuwa ukilia kwa kunyang'anywa kalamu, na sehemu fulani ya moyo wake inaendelea kuzungumza na yule mtoto. Lengo moja nalo halipo tangu mlipohama kwa wazazi, kila mtu na mji wake. Ajenda hakuna, saa ya kwisha hakuna. Ugomvi ulioanza kwenye grupu usiku unaamka nao asubuhi. Na mamlaka mliyokuwa mkiiheshimu wote, yaani mama, sasa ni mgonjwa. Nyumbani kwenu hakuna sharti hata moja lililobaki. Ningeshangaa kama mngeelewana.

Kuna jaribio moja ambalo kila mtu wa kazi yangu analijua, na nataka ulijue kwa sababu linajibu swali la "nianzie wapi" waziwazi. Majira ya joto ya mwaka 1954, Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa umri wa kama miaka 11 hadi kwenye kambi katika hifadhi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Waliwagawa makundi mawili, wakawashindanisha kwa zawadi. Haikuchukua muda wavulana wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Watafiti wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha tu: kuleni pamoja, tazameni filamu pamoja. Ikawa mbaya zaidi, walitupiana chakula.

Kilichowabadilisha ni shida. Maji ya kambi yalikatika, na kutafuta hitilafu kulihitaji watu wa pande zote mbili. Gari la kuleta chakula likagoma kuwaka, likahitaji kuvutwa, na kundi moja lisingeweza kulivuta. Kamba waliyolivutia ni ile ile waliyokuwa wameitumia kushindania kuvutana. Kwa kazi za namna hiyo, moja baada ya nyingine, uadui ukalegea, na siku ya kurudi nyumbani wengi waliomba kupanda basi moja. Matatizo hayo yalitengenezwa na watafiti wenyewe, na watoto hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa; leo hakuna kamati ya maadili ingekubali jambo hilo, na ni haki isikubali. Lakini somo la kwamba meza ya pamoja peke yake haitoshi, nimelishuhudia kwa familia nyingi mno hata siwezi kulipuuza. Kuna wanaoamini ndugu wakikutanishwa kwenye sherehe watapatana. Kwenye sherehe hakuna kinachowalazimu kusemezana. Kila mmoja anakaa upande wa wanaomuunga mkono, na anaondoka na orodha mpya ya nani hakumsalimia.

Lipo jambo jingine kuhusu Sherif ambalo husimuliwa kwa nadra, nami linanipa moyo juu yenu. Mwaka mmoja kabla, 1953, alijaribu mpango wa namna hiyo mahali pengine, ukakwama. Mara ile wavulana waliachwa wachanganyike kwanza, wakawa marafiki, ndipo wakagawanywa. Kila walipochokozwa wachukiane, uadui haukukolea. Walikuwa wamekwisha kujuana kabla hawajagawanywa. Wewe na kaka yako mmejuana miaka mingapi kabla ya uchaguzi huo?

Lakini ngoja, usije ukadhani nauona mgawanyiko huu kuwa utoto. Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Poland, alikuwa mfungwa wa vita wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alipoachiwa alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Alitumia maisha yake kutafuta mbegu ya jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule kwa kigezo kisicho na maana yoyote, kama vile nani anapenda picha za mchoraji yupi. Hawakujua nani mwingine yuko kundi lao. Walipopewa nafasi ya kugawia wengine fedha, wakawapendelea wa kwao. Na kilichonistua nilipokisoma mara ya kwanza: mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, alimradi lile jingine liachwe nyuma zaidi. Ikiwa picha za wachoraji zinaweza kufanya hivyo, unadhani uchaguzi, ambao kweli unaamua mambo ya watu, utafanya nini? Hasira yako haikuwa ya kijinga. Wala ya kwake.

Ndiyo maana hilo la "nikubali kwamba alikuwa sahihi" nakujibu hapana. Usikubali usichokiamini ili kununua amani. Amani ya namna hiyo hukaa mpaka habari mpya itoke redioni. Msimamo wako wa siasa ni wako, uwe nao, upige kura nao.

Unachopaswa kukiombea radhi ni kitu kingine, na hapa nitakuwa mkweli kwako kwa sababu umeniamini. Kaka yako alilitukana kundi. Lilikuwa kosa, tena kubwa, na wewe ulikuwemo ndani ya kundi hilo. Lakini wewe ulimchukua yeye, mtu mmoja aliyezaliwa tumbo moja nawe, ukamweka kwenye rundo la "watu kama yeye", na ukafanya hivyo watoto wake wakisoma. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, alichunguza wanandoa wakigombana kwa miongo kadhaa, akabaini kwamba kati ya tabia zote zinazobomoa ndoa, dharau ndiyo inayotabiri talaka kwa nguvu kuliko nyingine. Ugomvi peke yake hauvunji hivyo. Nimeona vivyo hivyo kwa ndugu. Mtu husahau ulichobisha, ila hasahau ulivyomdogosha mbele ya wanawe. Na kaka mkubwa akidogoshwa na mdogo wake mbele ya wanawe hatakwambia kwamba hicho ndicho kilichomuuma. Atasema ni siasa.

Jambo jingine la kupima: huenda hata huyo kaka unayegombana naye akilini siye. Mwaka 2019 taasisi iitwayo More in Common iliwauliza Wamarekani wa vyama vyote viwili wapinzani wao wanaamini nini. Kila upande ulikadiria wenye misimamo mikali upande wa pili kuwa karibu mara mbili ya walivyo kweli. Tangu mlipoacha kuongea, kaka yako unamjaza kwa yale unayoyasoma kwa watu wengine wa upande wake, naye anakujaza wewe vivyo hivyo. Kila siku ya ukimya inamfanya awe mkali zaidi kichwani mwako bila yeye kusema neno.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Mama anaumwa, kwa hiyo kazi ipo, wala huna haja ya kuitunga. Chagua iliyo ndogo, yenye siku na saa, na ambayo kaka ana kitu cha kweli cha kuleta. Hilo la mwisho usilirahisishe. Ukimwita tu awepo, atajiona anaitwa kwenye kesi. Fikiria ujumbe kama huu, utumwe kwake peke yake: "Shikamoo kaka. Mama anarudi kwa daktari tarehe 14. Mimi ninazo karatasi za vipimo vya mwanzo, lakini wewe ndiye uliyekuwepo daktari alipoeleza kuhusu dawa mpya. Naomba tumpeleke wote wawili ili tumsikilize daktari kwa pamoja. Nitakuwa pale saa mbili asubuhi."

Tazama yaliyomo. Kuna salamu, inayomrudishia nafasi yake bila hotuba. Kuna anachokijua ambacho wewe hukijui. Kuna siku na saa. Hakuna "najua tumekosana lakini", hakuna "kwa ajili ya mama tuyaweke kando", kwa sababu hayo yote yanaufungua ugomvi kwa kudai unaufunga. Asipojibu, nenda tarehe 14, kisha mtumie alichosema daktari, kwa sentensi tatu, bila lawama. Kisha mwombe tena kwa jambo lijalo. Wapo wanaokataa mara ya kwanza kwa sababu tu wanataka kuona kama kuombwa kule kulikuwa kwa kweli.

Mkikutana, fanyeni kazi. Niliwahi kukaa na ndugu wawili wa kiume waliokuwa hawasemezani kwa sababu zinazofanana sana na zenu. Baba yao alikuwa amefariki akiacha sanduku la karatasi: risiti, barua, hati, madaftari ya madeni. Mkubwa aliweza kuusoma mwandiko wa baba, uliolala kama nyasi zilizopigwa na upepo; mdogo hakuuweza, ila yeye ndiye aliyeishi na baba miaka ya mwisho na alijua kila jina lililotajwa lilikuwa la nani. Kwa saa nzima nilichosikia ni "hapa ameandika nini?" na "huyu ni yule fundi." Sikuingilia. Mahali fulani katikati, mmoja alisoma mstari ambao baba alikuwa ameandika deni la ada la mwenzake, akanyamaza, akampa daftari ajisomee. Siasa haikutajwa siku ile. Ilitajwa wiki kadhaa baadaye, na ilipotajwa, walikuwa watu waliokwisha kuhitajiana.

Siku hiyo nanyi itafika, pengine yeye ndiye atakayeichokoza. Hapo omba radhi yako, ya kile ulichokosa wewe tu: "Nilikudhalilisha mbele ya watoto wako. Nilikosea, nisamehe." Ishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe". Akitaka kuzungumzia uchaguzi wenyewe, muulize jambo lililomtokea yeye mwenyewe hata akafika alipofika, na umsikilize bila kumkosoa. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha matokeo ya mazungumzo ya mlangoni yaliyofanywa Miami, ya kama dakika 10 tu, ambamo waliobisha hodi waliuliza na kusikiliza visa vya watu maishani mwao badala ya kumwaga hoja. Mtazamo wa watu kuhusu kundi walilolibagua ulilainika, na miezi 3 baadaye bado ulikuwa umelainika. Sikuahidi kwamba kaka atabadili kura. Nakwambia kwamba mtu aliyesikilizwa husikiliza.

Kitu kimoja usikisubiri: kwamba atayasimulia yaliyotokea kama unavyoyasimulia wewe. Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwahoji watu wazima zaidi ya 1,300 wa Marekani, na mwaka 2020 akaeleza kwamba asilimia 27 walikuwa wamekatana na ndugu au jamaa fulani. Alizungumza pia na waliofanikiwa kurudiana. Wengi wao walifika hapo baada ya kuacha kudai kwamba mwenzao aikubali simulizi yao ya yaliyopita. Najua linauma, hasa kwa mtu anayejua alionewa. Naliona kuwa sehemu ngumu kuliko zote katika haya ninayokuandikia.

Nawe uwe na mpaka. Nimekushauri hivi kwa sababu barua yako inamweleza mtu aliyeropoka siku ya uchaguzi, si mtu anayekupiga, anayekutisha, au anayewafundisha wanao kwamba watu wa aina ya mama yao hawastahili kuishi. Ingekuwa hivyo ningekwambia kaa mbali, ulinde wanao, na mama umhudumie kwa zamu hizo hizo bila kujilaumu. Kuna umbali ulio halali. Wenu siuoni kuwa wa namna hiyo, lakini wewe ndiwe unayemjua.

Kwa nini nakuhimiza hivi? Kwa sababu ya ule utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 kwa wanaume 724, ukawafuata maisha yao yote. Robert Waldinger, anayeuongoza sasa, ameeleza kwamba kilichotabiri afya yao uzeeni, kuliko kiwango cha lehemu (kolesteroli) mwilini walipokuwa na miaka 50, ni jinsi walivyoridhika na mahusiano yao katika umri huo. Wewe na kaka yako ndio mnaoukaribia umri huo. Na wenzako wa kitengoni, pamoja na uzuri wao wote, hawatakumbuka nyumba mliyokulia.

Kuhusu watoto, msisubiri ninyi kupatana ndipo waonane. Mpigie wifi yako, wapangieni siku ya kucheza, na nyinyi wazazi si lazima mbaki.

Kuhusu mama, usimtume. Mgonjwa asibebeshwe ujumbe wa watu wazima wawili. Kaka akikataa, mama ataumia kwa jibu hilo. Mwambie tu kwamba umemwandikia kaka kuhusu siku ya daktari. Ulichoandika si lazima akijue. Akikuuliza kama kaka amejibu, mwambie kweli: amejibu, au bado.